Cleophas Anatazama

Niseme mapema kwamba ule waya sikuuagiza mimi. Watu wa kampuni ya intaneti walipokuja kukagua nguzo za mtaa wetu wa Chanji nilikuwa barazani naota jua la saa nne, maana Juni ya Sumbawanga haina huruma na mifupa ya mstaafu. Niliwaambia nyumba hii ina king'amuzi, kina taarifa ya habari na misa ya Jumapili, inatosha. Wakaandika kitu kwenye simu zao wakaondoka. Wiki mbili baadaye akatokea fundi na ngazi begani, akasema intaneti na kifurushi cha filamu vimeshalipiwa. Nikamuuliza vimelipiwa na nani.

"Imeandikwa Flavian, mzee. Na mteja ni Mama Agnesi."

Agnesi ni mke wangu. Flavian ni mwanetu wa mwisho, na mimi naye tulikuwa hatujazungumza miaka mitano. Nilisimama katikati ya sebule hii hii nikamwambia kwamba kama anamtaka Naima, binti wa Kiislamu aliyempata kazini Dar es Salaam, basi waende bomani serikali iwafungishe ndoa, lakini kwangu asimlete. Nikasema jina la huyo mwanamke lisitajwe ndani ya nyumba hii. Kisha, kwa kuwa bado nilikuwa na pumzi, nikaongeza kwamba jina langu asipewe mtoto atakayezaliwa huko. Kesho yake alfajiri Flavian alibeba begi lake akapanda basi, na bomani akaenda kweli. Tangu hapo humpigia mama yake kila Jumapili baada ya misa. Agnesi hutoka na simu kwenda kuongelea kwenye bustani ya mboga, nami huongeza sauti ya redio asije akadhani nasikiliza.

Hilo la jina sikulisema ovyo, na ndiyo maana lilikuwa baya. Katika ukoo wetu jina haliendi kwa mtoto, linamruka mtu mmoja na kutua kwa mjukuu. Babu yangu aliitwa Cleophas, baba yangu Clemens, mimi Cleophas. Nilipofikisha miaka minne babu aliniita nisimame wima mbele yake, akapima kwa kijiti kutoka ardhini mpaka kiunoni kwangu, akanichongea mpini wa kimo hicho na kuutia kijembe kidogo. Akasema sasa Cleophas tuko wawili shambani. Wanangu wakubwa wawili wamezaa mabinti watupu, nawapenda wote, lakini jina lilikuwa limebaki kwa Flavian. Nilijua nakata nini. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu wakulima kuanzia Muze mpaka Namanyere wanaifahamu, kwa sababu nimekuwa bwana shamba miaka ishirini na nane na sijawahi kufuta agizo.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke. Aliitwa Mwantum, binti wa Mzee Abdala mwenye duka la mabati mjini. Aliniamkia kwa adabu, akakaza ushungi wake, akapanda ngazi, na mimi nikajikuta nimeishika kwa chini. Alipotaka kutoboa ukuta nilimwonyesha mahali pa kutoboa.

"Pale unyevu utaingia, mzee," akasema. "Mvua za Januari zinapiga upande ule. Acha nitoboe hapa."

Alikuwa sahihi. Nilinyamaza, na Agnesi aliisimulia habari ya kunyamaza kwangu kwa majirani wiki nzima.

Waya ulipofika sebuleni Mwantum alichomeka kisanduku kidogo cheusi nyuma ya runinga. Agnesi akatoa kwenye mkunjo wa kitenge chake karatasi yenye neno la siri ambalo Flavian alimsomea kwenye simu, na yule binti akaliingiza kwa rimoti, herufi moja moja. Kioo kikajaa rangi, kikauliza nani anatazama. Chini ya swali hilo palikuwa na duara nne, kila moja na jina lake. Flavian. Naima. Cleophas. Nyumbani.

Jina la pili nililipita haraka kwa macho. La tatu lilinisimamisha.

"Unaitwa nani, mzee?" Mwantum aliuliza.

"Cleophas."

"Basi wewe umeshawekewa lako. Hii Nyumbani itakuwa ya mama na wageni. Ukitaka kutazama, bonyeza jina lako, kitakukumbuka ulipoishia."

Agnesi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga, akaja kuweka sinia mezani. Sikulipa jambo hilo uzito wowote. Nilikuwa natazama jina langu na ile picha ya tembo mwenye kofia iliyowekwa juu yake, na nakiri kwamba moyo ulinilainika. Mtoto niliyemfukuza alikuwa ameniandika, tena si Baba wala Mzee, bali jina langu lenyewe, akaliweka katikati ya watu wake. Nilikunywa chai yote bila kulalamika kwamba ina sukari kidogo.

Kulainika kwenyewe kuliisha siku hiyo hiyo jioni. Saa kumi na mbili, kabla ya taarifa ya habari, nilibonyeza tembo wangu mwenye kofia. Zikaja katuni. Nikashuka chini, katuni. Nikaenda kulia, vyura wanaimba alfabeti. Nilitafuta habari, nikatafuta kilimo, nikatafuta hata mpira ambao siupendi, hakukuwa na kitu chochote kwa ajili ya mtu mwenye meno yaliyokomaa. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Flavian alikuwa ananijibu. Miaka mitano alitafuta njia ya kuniambia kwamba akili yangu ni ya kitoto, na sasa ameipata, ameilipia na kuninyooshea waya mpaka sebuleni.

Mtu mwenye busara angezima. Mimi nilisema kama ni tusi basi nilisome lote, nikafungua ile iliyokuwa mwanzo kabisa. Ni hadithi ya sungura anayeitwa Zumo na punda anayeitwa Kipara, wanazunguka nchi na mkokoteni wakitafuta mbegu ya zamani ya mtama iliyopotea. Katika dakika tano za kwanza niliona makosa matatu. Walipanda bila mistari. Walimwagilia saa sita mchana. Punda alikanyaga miche na hakuna aliyemkemea. Nilimwambia Agnesi kwamba mtu aliyechora kitu hiki hajawahi kushika jembe. Akaniuliza kwa nini basi nimekaa kwenye ukingo wa kiti.

Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kuhusu ile mbegu. Nimeona mbegu ngapi za ulezi zikipotea hapa Ufipa kwa sababu mimi na wenzangu tuliwaambia watu walime za kisasa. Kila sehemu ilikuwa na mzee mmoja kijijini anayekumbuka kidogo tu, mmoja anakumbuka rangi, mwingine anakumbuka mwezi wa kupanda. Nikawa natazama sehemu moja kila jioni. Polikarp, mwenyekiti wetu wa jumuiya, aliwahi mapema Jumatano moja kabla ya sala akanikuta na punda kwenye kioo. Nilimwambia najaribu waya. Akavuta kiti, tukaujaribu pamoja mpaka wenzake walipoanza kuingia na rozari zao.

Kilichoanza kunisumbua ni hiki. Nilikuwa nimeishia sehemu ya sita, pale Kipara amekwama kwenye tope. Jioni iliyofuata kilifunguka kwenye sehemu ya nane, na punda ameshatoka topeni muda mrefu. Nikadhani nimebonyeza vibaya, nikarudi sita, nikamaliza, nikaongeza ya saba, nikazima. Kesho yake kilifunguka kwenye sehemu ya tisa.

Agnesi alikuwa uani anapepeta ulezi.

"Mama Flavian, unatazama katuni zangu mchana?"

"Nina muda gani wa katuni?"

"Kuna mtu anatazama mbele yangu."

Aliendelea kupepeta. "Labda waya," akasema, bila kuinua uso.

Nilimpigia Mwantum nikamwambia kuna mwizi kwenye waya wake. Alikuja Jumatatu mchana, akavua viatu mlangoni, akachukua rimoti na kuingia kwenye kurasa ambazo sikujua zipo. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hakuna mwizi, mzee. Hii ni akaunti ya familia. Jina moja linaweza kufunguliwa hapa na likafunguliwa pia kwenye simu mahali pengine. Mmoja akiishia hapa, mwenzake anaanzia hapo hapo. Ona mwenyewe. Simu, Dar es Salaam, leo saa moja asubuhi."

"Nani anatumia jina langu Dar es Salaam?"

Alibonyeza mara mbili akanionyesha mstari mmoja mdogo. "Hili halikuwekwa kwa ajili ya mtu mzima. Ni la mtoto. Wameandika miaka minne." Kisha akaweka rimoti juu ya kitambaa cha meza, polepole. "Nisamehe, mzee. Siku ile uliposema unaitwa Cleophas, na pale pameandikwa Cleophas, sikuona sababu ya kuuliza zaidi."

"Hata mimi sikuiona," nikasema.

Nilimsindikiza mpaka getini kwa sababu miguu ilitaka kufanya kitu. Aliniaga kwa kuniita baba, kama wanavyoagwa wazee, nikamjibu mwanangu, na nilipokuwa nafunga geti nilijiuliza ni kwa nini kwa huyu neno hilo halikunigharimu chochote.

Agnesi alikuwa bado kwenye ungo wake.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Miaka minne."

"Ulisema jina la mama yake lisitajwe ndani ya nyumba hii, sikulitaja. Mtoto naye ningemtajaje? Jina lake ni lako. Ningelitaja ungeitika wewe." Aliweka ungo chini. Agnesi hapandishi sauti, ndiyo maana maneno yake huwa hayana pa kushikwa. "Siku ya fundi nilitaka kusema. Nikakuona unavyolitazama lile jina, ulikuwa umefurahi. Nikasema mwache afurahi kwanza."

"Nilimkataza Flavian kulitoa."

"Na Flavian alitii. Alitaka mtoto aitwe jina lingine kabisa, alisema baba amekataza na yeye hatarudia kubishana na baba. Aliyekataa ni Naima. Alimwambia mtoto hawezi kukosa jina la babu yake kwa sababu watu wazima wamenuniana. Akaliandikisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, angali kitandani hospitali."

Niliingia ndani. Nilikaa sebuleni mbele ya runinga iliyozimwa, na ninasema waziwazi kwamba niliona aibu. Siyo aibu ya kukosea, hiyo nimeizoea, nimeagiza watu wapande alizeti mwaka wa ukame. Hii ilikuwa ya kujua kwamba kitu nilichokitupa kwa hasira kiliokotwa na mtu yule yule niliyekuwa namtupia, akakifuta vumbi na kukitunza. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona uso, ambaye dini yangu haimhusu na ukoo wangu haumdai, ndiye aliyehakikisha kuna Cleophas baada yangu.

Nilitakiwa kupiga simu siku ile ile. Sikupiga. Nilijiambia kwamba kuna jambo moja dogo ninaloweza kufanya kwanza, nalo ni kumpisha mtoto. Kama katuni ni yake, basi mimi ndiye niliyekuwa nasogeza mbele vitu vyake, namtoa punda topeni kabla yeye hajaona. Nikaamua sitazami tena. Nitafungua tu kuangalia amefika wapi, kisha nizime.

Jumanne jioni nilifungua. Sehemu ya kumi na moja, katikati, pale Zumo anabisha hodi kwa kobe. Nikazima. Jumatano ilikuwa pale pale, Zumo ameinua mkono mlangoni. Alhamisi pale pale. Nilimuuliza Agnesi kama amesikia lolote kutoka Dar.

"Leo si Jumapili," akasema.

"Mtoto hajagusa katuni siku tatu."

"Simu unayo, Baba Flavian. Na namba yake ni ile ile."

Ijumaa asubuhi nilifungua kabla ya kunywa chai. Zumo alikuwa bado mlangoni kwa kobe. Mtoto wa miaka minne haachi katuni bila sababu. Nilifikiria homa, nikafikiria malaria za kule pwani, nikafikiria mtoto amelala na uso umemwiva na hakuna aliyeniambia kwa sababu nilikwishasema nisiambiwe. Nilishinda siku nzima nazunguka bustani nikigusa majani ya kabichi yasiyo na tatizo. Saa kumi na moja na nusu nikaingia sebuleni, nikachukua simu. Agnesi alikuwa uani na ungo, mlango uko wazi.

"Baba?" Flavian alisema. Alipokea haraka mno, kama mtu anayetegemea msiba.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Shikamoo, baba. Kuna nini? Mama yuko salama?"

"Marahaba. Mama yuko salama. Mtoto anaumwa?"

Nilisikia magari kwa upande wake, na honi, kisha mlango ukifungwa na magari yakapungua.

"Mtoto gani, baba?"

"Cleophas. Hajaangalia katuni yake tangu Jumatatu."

Alikaa kimya muda mrefu, nami nikamwacha akae. Nilikuwa nimemdai ukimya miaka mitano, nisingeweza kumnyima wa dakika moja.

"Haumwi," akasema hatimaye. "Amegoma. Anasema kuna mwenzake wanaangalia naye. Anasema kila akiamka anakuta mwenzake ametangulia kidogo, halafu na yeye anamtangulia. Sasa mwenzake amesimama, na yeye hawezi kwenda peke yake, anamsubiri. Nimemwambia hakuna mtu, ni mtandao tu unasumbua, nikadhani ni mama anabonyeza bonyeza. Amekataa kabisa. Simu akipewa anaangalia pale mwenzake alipo, anairudisha." Akapumua. "Baba, ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema. "Na mimi nilikuwa namsubiri yeye."

Mwanangu alilia. Sitasema mimi nilifanya nini. Alipotulia alisema yuko hapa mtoto, amejificha nyuma ya kochi, nimpe? Nilitaka sana ampe. Lakini miaka ishirini na nane ya kazi imenifundisha kwamba mtu hapiti shambani kwa mtu bila kumwamkia mwenye shamba.

"Nitaongea naye," nikasema. "Kwanza nipe Naima."

Uani ungo ulinyamaza. Hilo jina lilikuwa halijasemwa chini ya bati hili miaka mitano, na lilitoka kirahisi, herufi tano tu. Upande wa pili nilisikia simu ikipokezanwa, na mnong'ono, na mtu akivuta pumzi ya kujiandaa.

"Shikamoo, baba," ikasema sauti ya mwanamke.

"Marahaba, mama."

Nilikuwa nimetunga maneno tangu Jumatatu, mengine mazuri sana, yenye mpangilio. Hayakuja hata moja. Nilisema, "Ahsante kwa jina." Nikamwambia barabara ni lami siku hizi mpaka hapa, basi linaingia jioni, samaki wa ziwani, migebuka ya Kipili, wapo sokoni, na Julai hii tutakuwa na baridi kwa hiyo wambebee mtoto sweta. Nikasema njooni wote. Akasema watakuja, inshallah. Nikasema amina, kwa sababu sikujua kinachofaa kusemwa hapo, na ilionekana kinafaa.

Agnesi alikuwa ameshasimama mlangoni, pumba za ulezi kwenye nywele, mkono umenyooshwa kuiomba simu. Nilimwashiria asubiri. Kulikuwa na jambo moja ambalo Flavian asingelijua, wanaume hawaangalii vitu hivyo, kwa hiyo nilimuuliza mama wa mtoto. Nilimwomba amsimamishe mtoto wima ukutani na kunipimia kutoka sakafuni mpaka kiunoni, maana mpini hauchongwi kwa kukisia.